Naomba ushauri: niwafundisheje wanafunzi wangu ombi la Silas Deane kuhusu deni la Beaumarchais?

Mleta mada: Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nafundisha historia sekondari huku Urambo, na wiki ijayo wanafunzi wangu watajadili jinsi Silas Deane, mjumbe wa Kongresi ya Marekani jijini Paris, alivyomtetea Beaumarchais kwa kuomba Kongresi imlipe; huyu ni Mfaransa aliyeanzisha kampuni ya Roderigue Hortalez mwaka 1776 ili awapelekee wanamapinduzi bunduki, baruti na sare, naye alipwe kwa tumbaku. Meli ya Amphitrite ilitia nanga Portsmouth, Marekani, mwaka 1777 ikiwa na silaha hizo, lakini malipo aliyoyasubiri hayakuja. Binti mmoja, ambaye baba yake ni mkulima wa tumbaku, alifunga daftari lake akaniuliza: "Mwalimu, kama mzigo waliupokea, wanabishia nini?" Je, nianze na ombi la Deane, au na madai ya Arthur Lee, mjumbe mwenzake Deane, kwamba vitu vile vilikuwa zawadi ya mfalme?

Mchangiaji wa kwanza: Mwalimu, heshima kwako. Anza na stakabadhi. Tarehe 10 Juni 1776 Beaumarchais alitia saini kupokea livre (fedha ya Ufaransa kabla ya faranga) milioni moja za serikali ya Ufaransa, na karatasi hiyo ndiyo iliyokuja kutumika kuyapinga madai yake. Wanafunzi wakiiona mwishoni watadhani uliwaficha. Deane naye alikuwa na biashara zake binafsi Paris, kwa hiyo ushahidi wake upimwe.

Mchangiaji wa pili: Stakabadhi isomwe, lakini hesabu ifanywe ubaoni. Mwaka 1793 Alexander Hamilton, waziri wa fedha wa Marekani, alikokotoa deni akapata livre 2,280,000. Ukiitoa milioni ile yote, zinabaki 1,280,000, ilhali warithi walipewa faranga 800,000 tu mwaka 1835, miaka 36 baada ya mwenyewe kufariki. Inaniuma kila ninapoisoma habari hii. Usiiache barua ya Januari 1779, ambamo John Jay, rais wa Kongresi, alimshukuru Beaumarchais na kumwahidi malipo. Aliyekuletea zawadi humwahidi kumlipa.

Mleta mada: Asanteni sana. Nitatanguliza barua ya Jay, ifuate stakabadhi, kisha ombi la Deane, nikieleza kwamba yeye mwenyewe aliitwa nyumbani, hesabu zake zikawekewa shaka, akafariki mwaka 1789 bila kulipwa, na warithi wake wakangoja hadi 1842. Barua ya Jay ataisoma binti yule.