Mrejesho: wagonjwa wangu wa presha na chumvi

Wakuu, niliuliza nifanyeje, wagonjwa wa presha kliniki nikiwaambia wapunguze chumvi wanaitikia "sawa daktari" halafu wakirudi presha iko palepale. Aliyenishauri nibebe kijiko cha chai, Mungu ambariki. Nakijaza chumvi, naisawazisha kwa kidole, namwambia mgonjwa: hiki ndicho kikomo cha siku nzima, gramu 5, pamoja na iliyomo kwenye mkate na ng'onda (samaki wa kukaushwa kwa chumvi). Bibi mmoja akacheka, "Mwanangu, hicho si namalizia kwenye kachumbari tu!" Kumbe nilikuwa nakosea swali. Ukiuliza "unakula chumvi nyingi?" kila mtu atakataa. Sasa nauliza nani anapika. Kwa bibi ni mkwewe; tukamwita. Siku hizi mkwe analoweka ng'onda chumvi itoke, na kichupa cha chumvi cha mezani kimepisha ndimu. Presha ya bibi imetoka 168/96 hadi 150/88, dawa anaendelea nazo.