Ushauri: mwenzangu anafuta aya yangu ya hazina za Poland kila nikiirudisha

Mfumaji: Wakuu, salaam. Tuko wawili, tunaandika makala ya kamusi elezo ya Kiswahili kuhusu hazina za kasri la Wawel, Kraków, zilivyohamishwa mwaka 1939. Mwenzangu anafuta aya yangu kila nikiirudisha. Nimzuie vipi? Mkabidhi (msimamizi wa kamusi) ameshaniwekea onyo.

Kasha la Nne: Onyo halidondoki kama embe. Umerudisha mara ngapi? Na aya yenyewe inasemaje?

Mfumaji: Mara chache tu. Inasema mazulia ya ukutani na dhahabu ya Benki ya Poland vilipelekwa Dakar, Senegal, pamoja. Mbona inajulikana kwamba mali ya Poland ilifika Afrika?

Tishari: Iliyofika Afrika ni dhahabu. Mazulia ya mfalme Zygmunt August yaliondoka Kraków kwa tishari la makaa ya mawe, mto Vistula, yakaingia Romania, kisha Ufaransa, yakatunzwa Aubusson. Juni 1940 yakapakiwa Bordeaux kwenye meli Chorzów hadi Falmouth, Uingereza. Julai meli Batory ikayavusha hadi Halifax, Kanada, yakaishia Ottawa.
Dhahabu, takriban tani 75, ilitoka Constanța kwa meli ya mafuta Eocene hadi Istanbul, ikapanda treni hadi Beirut, ikaja Toulon kwa meli, ikawekwa Nevers, Ufaransa. Juni 1940 ikatolewa bandari ya Lorient, ikashushwa Dakar na kupelekwa Kayes, mji ulioko Mali ya leo. Watu wanachanganya kwa sababu zote mbili zilipita Romania, na zote zilitoroshwa Ufaransa mwezi uleule Wajerumani wakisogea.

Babu Kapi: Kijana kapakia mazulia kwenye meli ya mafuta. Nani atayafua?

Bi Hodi: Mimi naona tatizo ni adabu. Kabla ya kurudisha, piga hodi kwenye ukurasa wa majadiliano.

Kasha la Nne: Hujajibu. Mara chache ni ngapi?

Mfumaji: Mbili kwa akaunti yangu, tatu kwa ile nyingine. Lakini ile niliifungua kwa ajili ya simu, sikuwa na nia mbaya.

Kasha la Nne: Kumbe! Historia ya ukurasa inaonyesha watu wawili dhidi ya mmoja, na hao wawili wote ni wewe. Acha kurudisha leo. Andika kwenye kurasa za akaunti zote mbili kwamba mwenyewe ni mmoja, mwambie mkabidhi, halafu bandika sentensi yenye ubishi kwenye majadiliano. Kila kipande cha safari kiwe na tanbihi yake na namba ya ukurasa wa kitabu. Ukiweka tanbihi moja mwisho wa aya, anayepinga Dakar analazimika kufuta hadi Falmouth.

Msomaji Mkavu: Hii ni chai. Nimeitafuta makala hiyo, haipo.

Mfumaji: Ipo kwenye ukurasa wangu wa majaribio, ule wa kuandikia rasimu.

Msomaji Mkavu: Mkabidhi aje kuamua ugomvi wa majaribio yako? Tuheshimiane.

Mfumaji: Sawa. Tuliandikia huko, nikanakili na kubandika kwenye makala. Mkabidhi akaiondoa jana. Nilitaka tu iwe hewani mapema.

Tishari: Ndiyo maana haionekani! Ukibandika, makala yote inasomeka kama kazi yako. Michango ya mwenzako inabaki kwenye majaribio. Ungebonyeza "Hamisha", historia ingekwenda nayo. Je, kuna sehemu mliyotafsiri?

Mfumaji: Ya hazina kurejeshwa Poland, 1959 na 1961. Lakini maneno ni yetu.

Tishari: Tafsiri ni tafsiri. Muhtasari wa uhariri, ile sentensi fupi unayoandika ukihifadhi, utaje makala ya asili na kiungo chake, hata kama ni aya moja.

Mfumaji: Basi Dakar naipeleka kwenye makala ya dhahabu. Na picha za zulia na upanga Szczerbiec, wa kutawazia wafalme wa Poland, nilizopakua, ziko salama?

Kasha la Nne: Ya zulia, ikiwa imepigwa kutoka mbele moja kwa moja bila fremu, hupokelewa kwa kawaida: kazi yenyewe ni ya karne ya 16, na ni bapa. Upanga si bapa. Aliyechagua pembe na mwanga ana haki yake. Tafuta iliyotolewa kwa leseni huria.