Mjadala: Nchi ikitaka kujitoa kwenye umoja, ufunguo wa mlango anaushika nani?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana kila likiguswa suala la nchi kujitoa kwenye jumuiya, hoja ya kwanza huwa ile ile: waulizwe wananchi, wakishasema, basi, kazi imekwisha. Nami niliiamini hoja hiyo miaka mingi. Iliyonibadilisha ni Brexit. Kama Waingereza walipatia au walikosea kutoka Umoja wa Ulaya, hayo ni yao. Ninachotaka tukitazame ni njia waliyopita, kwa sababu sisi pia tumo ndani ya jumuiya, na jumuiya yetu ya kwanza ilishatufia mikononi mwaka 1977.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Wananchi wana haki ya kusema "tutoke". Lakini ufunguo unapaswa kukaa Bungeni, na jaji anayelinda utaratibu huo hamsaliti mwananchi.

Tuanze na kura yenyewe. Tarehe 23 Juni 2016 waliotaka kutoka walikuwa 17,410,742, waliotaka kubaki 16,141,241. Asilimia 51.9 kwa 48.1. Swali kwenye karatasi lilikuwa moja: tubaki au tutoke. Hapakuwa na mahali pa kusema kama wakitoka wabaki kwenye soko la pamoja au waliache, forodha iweje, mpaka wa Ireland uweje. Na sheria ya mwaka 2015 iliyoitisha kura hiyo haikusema lolote kuhusu matokeo yafanyiwe nini. Hili si jambo dogo. Mwaka 2011 Waingereza hao hao walipiga kura ya maoni kuhusu mfumo wa uchaguzi, na sheria yake ilimfunga waziri: wananchi wakisema ndiyo, atekeleze. Kwa hiyo Bunge lilijua kuandika kifungu cha namna hiyo. Mwaka 2015 halikukiandika.

Waziri Mkuu Theresa May akataka kupeleka notisi ya kujitoa chini ya kifungu cha 50 cha Mkataba wa Umoja wa Ulaya bila kupitia Bungeni, kwa kutumia madaraka ya kifalme, yale ambayo serikali huyatumia kuingia na kutoka kwenye mikataba kwa niaba ya mfalme au malkia. Mfanyabiashara Gina Miller na mtengeneza nywele Deir Dos Santos wakaenda mahakamani. Novemba 3, 2016 Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Kesho yake gazeti la Daily Mail likaweka picha za majaji watatu ukurasa wa mbele na kuwaita maadui wa umma. Januari 24, 2017 Mahakama ya Juu, majaji wote 11 wakiwa kitini, ikasema vilevile kwa majaji 8 dhidi ya 3. Sababu yao anaielewa hata asiyesoma sheria: ni Sheria ya mwaka 1972 ya Bunge iliyowapa watu haki zao za Ulaya, na kilichotungwa na Bunge hakifutwi kwa kalamu ya waziri.

Sasa, walizuia Brexit? Bunge lilitunga sheria yenye vifungu viwili tu, ikapita usomaji wa pili kwa kura 498 dhidi ya 114. May alikuwa ameahidi kupeleka notisi kabla Machi haijaisha. Machi 29, 2017 balozi wa Uingereza Tim Barrow akaingia kwa Donald Tusk, rais wa Baraza la Ulaya, mjini Brussels na kumkabidhi ile barua mkononi. Tarehe ya Waziri Mkuu haikupita hata kwa siku moja. Wale majaji waliotukanwa hivyo walichelewesha nini?

Kesi ya pili ndiyo iliyonigusa zaidi. Agosti 2019 Waziri Mkuu mpya, Boris Johnson, alimshauri Malkia kusitisha Bunge kwa wiki tano, huku tarehe ya kutoka ikiwa Oktoba 31. Mahakama ya Scotland ikasema ni kinyume cha sheria, ya England ikasema hilo ni la wanasiasa, si la majaji. Septemba 24 Mahakama ya Juu ikakaa chini ya rais wake, Lady Hale, na majaji wote 11 wakakubaliana. Kuna maneno kwenye hukumu ile sijayasahau: kwamba wajumbe wa Malkia walipoingia Bungeni kusoma amri ya kusitisha, ilikuwa sawa na kuingia na karatasi tupu. Kwa hiyo Bunge halikuwahi kusitishwa. Kesho yake wabunge wakarudi vitini.

Wenzetu Afrika Kusini walipita njia hiyo hiyo. Oktoba 2016 serikali ilipeleka notisi ya kujitoa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai bila kuuliza Bunge. Februari 22, 2017, chini ya mwezi mmoja baada ya hukumu ya London, Mahakama Kuu ya Pretoria ikasema notisi ile ni batili, na Machi serikali ikaiondoa. Katiba mbili zisizofanana, moja imeandikwa na nyingine haijaandikwa kwenye kitabu kimoja, na jibu likawa lile lile.

Na sisi je? Someni ibara ya 145 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nchi inaweza kujitoa ikiwa Bunge lake limeazimia kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha itoe notisi ya maandishi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu, na inaweza kuifuta kabla miezi hiyo haijaisha. Waingereza walihitaji kesi ya Miller kujua kama Bunge linahusika, na kesi nyingine mpaka Mahakama ya Haki ya Ulaya, Desemba 10, 2018, kujua kama notisi inafutika. Kwetu yote mawili yako kwenye ibara moja. Naona fahari kwa hilo, na nisingependa kiongozi yeyote aje aiguse ibara hiyo kwa kisingizio cha sauti ya wananchi.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeandika vizuri lakini nakupinga. Unazungumza kana kwamba wananchi walijiamkia tu wakapiga kura. Bunge hilo hilo ndilo lililopitisha muswada wa kuwauliza, kura 544 dhidi ya 53 kwenye usomaji wa pili. Serikali ikapeleka kipeperushi nyumba kwa nyumba ikisema uamuzi ni wenu na sisi tutautekeleza. Watu wakajitokeza asilimia 72.2. Mtu ambaye hajapiga kura miaka 20 alitoka siku ile kwa sababu aliambiwa safari hii kura yake ina uzito.

Baada ya hapo nini? Januari 15, 2019 mkataba wa kutoka ambao May alikubaliana na Ulaya ukaangushwa Bungeni kwa 432 dhidi ya 202. Ukarudi Machi, ukaanguka. Ukarudi tena, ukaanguka. Tarehe ya kutoka ikasogezwa mara tatu. Machi 27 wabunge wakajipangia wenyewe njia nane za kuchagua, na hakuna hata moja iliyopata wingi. Huo ndio ufunguo unaotaka wapewe? Desemba 2019 wananchi walipopewa tena nafasi, wakampa Johnson wingi wa viti 80 ili amalize jambo. Wale waliojiita walinzi wa utaratibu wakaadhibiwa. Theluthi mbili unayoisifu ingemfungia mlango kila anayetaka kutoka hata kama wananchi wengi wanataka. Umoja usiotokeka ni kifungo.

Mleta mada

Hoja ya kipeperushi inauma, sikatai. Ahadi ile ilikuwa deni. Lakini lilikuwa deni la kisiasa la serikali iliyoahidi, na anayeidai serikali ahadi humdai kwenye uchaguzi. Ndivyo ilivyokwenda mwishoni: wananchi walichagua Bunge jipya, Bunge jipya likapitisha mkataba, na Januari 31, 2020 saa tano usiku kwa saa za London nchi ikatoka. Huo uchaguzi wa Desemba unaunga mkono hoja yangu kuliko yako.

Kuhusu zile njia nane, nakubali kabisa kwamba Bunge lilishindwa. Sina la kulitetea. Ila jiulize lilishindwa kwa nini. Kwa sababu milioni 17 na zaidi walisema "tutoke" na kila mmoja alikuwa na "tutoke" yake. Kuna aliyetaka kubaki na soko, kuna aliyetaka kukata kamba yote. Wabunge walikuwa wanajaribu kujibu swali ambalo karatasi ya kura haikuuliza.

Mchangiaji wa pili

Ndugu zangu, wote wawili mnasema "wananchi" kana kwamba ni kundi moja. Scotland asilimia 62 walitaka kubaki. Ireland Kaskazini asilimia 55.8 walitaka kubaki. Katika kesi hiyo hiyo ya Miller mnayoisifu, majaji wote 11 walisema serikali ya London haihitaji ridhaa ya mabunge ya Scotland, Wales wala Ireland Kaskazini. Ufunguo ulikwenda Bungeni, sawa. Bunge la nani?

Mpaka wa Ireland, kati ya Ireland Kaskazini iliyo chini ya Uingereza na Jamhuri ya Ireland iliyo ndani ya Umoja wa Ulaya, una urefu wa takriban kilomita 500. Ukiendesha gari kutoka kusini kwenda kaskazini hakuna kizuizi wala askari. Dalili kubwa ni alama za mwendo kugeuka kutoka kilomita kuwa maili. Barabara hizo hizo zilikuwa na vituo vya jeshi kabla ya Makubaliano ya Ijumaa Kuu ya 1998, baada ya miaka 30 ya vita vilivyoua zaidi ya watu 3,500. Mtu anayeishi pale anapotazama ile alama ya maili, anatazama amani yake. Kura ikapigwa, na ghafla mpaka huo ukawa mpaka wa Umoja wa Ulaya.

Suluhisho likawa kuuhamishia ukaguzi baharini, kati ya Ireland Kaskazini na Uingereza yenyewe. Wale waliotaka sana kubaki chini ya London wakajikuta bidhaa kutoka nchi yao zinakaguliwa. Chama chao cha DUP kikajitoa kwenye serikali ya Belfast Februari 2022, na watu wakakaa bila serikali yao miaka miwili, hadi Februari 2024. Hospitali zilisubiri maamuzi, mishahara ya walimu ilisubiri. Hawa walihesabiwa, lakini hawakusikika.

Mchangiaji wa tatu

Mnasahau Mali, Burkina Faso na Niger. Januari 28, 2024 watawala wao wa kijeshi walitangaza kutoka ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, papo hapo. Mkataba unataka notisi ya mwaka mmoja, ECOWAS ikahesabu mwaka, wakatambuliwa kutoka Januari 29, 2025. Hakuna kura ya maoni iliyopigwa, na hakukuwa na bunge la kuchaguliwa la kuwauliza maswali. Ibara ya 145 ni nzuri sana mkiwa na Bunge linaloweza kusema hapana. Kwanza tuhakikishe hilo.

Mleta mada

Mchangiaji wa tatu, nakubali bila nyongeza.

Mchangiaji wa pili umenishika pabaya, na nimekaa na swali lako tangu jana. Lina jina la hapa nyumbani. Zanzibar ilijiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, mwishoni mwa 1992, na mwaka 1993 ikalazimika kujitoa, kwa hoja kwamba mambo ya nje ni ya Muungano. Sasa chukua ibara ya 145. Inasema "Bunge". Kwa Tanzania ni Bunge la Muungano, ambamo wabunge wanaotoka Zanzibar hawafiki theluthi moja. Siku likija azimio la kutoka, theluthi mbili inaweza kutimia bila hata mmoja wao kunyoosha mkono. Na kuna mfanyabiashara wa Unguja ambaye mzigo wake unapita bandari ya Mombasa.

Kwa hiyo narekebisha msimamo wangu wa mwanzo. Ufunguo ukae Bungeni, ila kura zihesabiwe kwa kila upande. Sihitaji kubuni kitu. Ibara ya 98 ya Katiba ya Tanzania tayari inataka theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar kubadili mambo fulani ya Muungano. Waingereza walipelekewa wazo linalokaribiana na hilo: mwaka 2015 chama cha SNP cha Scotland kilipendekeza kutoka kusiwezekane mpaka nchi zote nne za Uingereza ziseme ndiyo, Bunge likakataa. Mchangiaji wa kwanza najua utasema nimeongeza kufuli juu ya kufuli. Niambie basi ungemwambia nini yule wa Unguja.