Linux inaganda ikizimwa kwa sababu ya folda ya mtandao: automount, kupachua kwa nguvu, au kupunguza muda wa kungoja?

fundi_seva

Wadau, mada hii ni ya kulinganisha dawa za tatizo moja. Unazima mashine, skrini inabaki na `A stop job is running for /mnt/hati`, saa inahesabu hadi 1min 30s, na wakati mwingine ikifika mwisho bado haizimi.

Kabla ya kuzima, systemd (programu inayosimamia kuwasha, kuzima na huduma za Linux) huita `umount` ipachue, yaani itenganishe na mashine, folda ya NFS au CIFS (njia mbili za kutumia faili za seva kupitia mtandao). Kazi hiyo haiishii ndani ya mashine: kerneli (kiini cha Linux) ina data ambayo haijaandikwa bado, nayo lazima ifike kwa seva na jibu lirudi. Mtandao ukitangulia kukatika, au seva ikitangulia kuzimwa, jibu haliji na `umount` inabaki inangoja.

Dawa zinazotajwa sana ni nne: `_netdev` (alama kwamba folda ni ya mtandao) kwenye /etc/fstab, faili yenye orodha ya folda na diski za kupachikwa, `x-systemd.automount` (folda inapachikwa inapoguswa tu), kupachua kwa nguvu, na kupunguza muda wa kungoja. `_netdev` naiweka kando mapema. Kwa nfs, nfs4 na cifs, systemd inajua yenyewe kwamba ni za mtandao. Chaguo hilo lina maana pale aina ya mfumo wa faili haionyeshi mtandao, mfano ext4 iliyo juu ya diski ya iSCSI (diski inayofikiwa kupitia mtandao). Hizo tatu nyingine, ipi inafaa wapi?

dada_terminali

Mkuu, kabla ya dawa tupime. Bila kujua nani alizimwa kwanza, unabahatisha tu. Hakikisha kumbukumbu za systemd zinabaki baada ya kuzima:

```
sudo mkdir -p /var/log/journal
sudo systemctl restart systemd-journald
```

Zima mashine mpaka igande, iwashe tena, kisha:

```
journalctl -b -1 -o short-precise | grep -Ei 'mount|NetworkManager|wpa_supplicant|wg-quick|nfs:|cifs'
```

Linganisha saa. Ukiona wpa_supplicant (ya Wi-Fi) au wg-quick (ya VPN) imesimama kabla ya `Unmounted /mnt/hati`, tatizo ni mpangilio. Ukiona `nfs: server ... not responding, still trying` wakati mtandao bado upo, tatizo ni seva. Dawa zake ni tofauti kabisa.

mtandao_kwanza

Naongezea hapo kwa dada, maana kesi nyingi za laptopu ni za mpangilio. systemd huzima kwa kufuata kinyume cha mpangilio wa kuwasha: kilichowaka mwisho hutangulia kuzimwa. Folda ya mtandao huwekwa baada ya `network.target`, kwa hiyo inapaswa kupachuliwa kabla mtandao haujaondoka. Mpangilio huo huvunjika sehemu tatu.

Ya kwanza ni VPN. Huduma ya `wg-quick@wg0` haina uhusiano wowote na folda yako, kwa hiyo zote mbili huambiwa zisimame kwa wakati mmoja, na handaki la VPN likifa kwanza folda inabaki hewani. Weka uhusiano huo mwenyewe kwenye fstab, mstari mmoja:

```
//10.10.0.1/hati /mnt/hati cifs credentials=/etc/samba/siri,uid=1000,x-systemd.automount,x-systemd.idle-timeout=60,x-systemd.mount-timeout=15,x-systemd.requires=wg-quick@wg0.service 0 0
```

`x-systemd.requires` inaleta Requires (folda inahitaji huduma hiyo) na After (folda inawaka baada yake) kwa pamoja, na hiyo After ndiyo inayookoa wakati wa kuzima.

Ya pili ni Wi-Fi iliyosajiliwa kwa mtumiaji mmoja. NetworkManager hukata muunganisho wa namna hiyo mara tu mtumiaji anapotoka, na kuzima mashine huanza kwa kumtoa mtumiaji. Ifanye ya mashine nzima:

```
nmcli connection modify "JinaLaWiFi" connection.permissions ""
nmcli connection modify "JinaLaWiFi" 802-11-wireless-security.psk-flags 0
```

Baada ya hapo ingiza nywila ya Wi-Fi upya, kwa sababu ya zamani huenda ilihifadhiwa kwenye pochi ya mtumiaji.

Ya tatu: `systemctl show wpa_supplicant -p Before`. Kama `network.target` haimo, tumia `sudo systemctl edit wpa_supplicant` uandike `[Unit]` na chini yake `Before=network.target`.

nfs_ya_kazi

Kwenye automount nakubaliana nawe kwa laptopu. Folda isiyotumika kwa sekunde 60 inapachuliwa yenyewe, kwa hiyo mara nyingi ukifika kuzima hakuna cha kupachua. Lakini faili moja tu ikibaki wazi, hata terminali iliyo ndani ya folda hiyo, muda huo hauanzi kuhesabiwa.

Wengi hukimbilia `soft` ya NFS, na hapo naomba tuwe waangalifu. Kwa kawaida NFS ni `hard`: kerneli inajaribu bila kuchoka mpaka seva irudi. Ukiweka `soft`, baada ya majaribio kuisha programu inarudishiwa kosa, na programu isiyokagua makosa inaweza kuacha faili nusu bila mtu kujua. Kwa folda ya kusoma tu, kama video au vifurushi vya usakinishaji, `ro,soft,timeo=50,retrans=3` haina ubaya. Kwa hifadhidata, nakala rudufu au /home, baki na `hard`. Kumbuka pia `timeo` huhesabiwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde: 50 ni sekunde 5, na 600 ya kawaida kwenye TCP ni sekunde 60. Kila jaribio linaongeza muda juu ya lililopita. Mtu anayeandika `timeo=5` akidhani ni sekunde 5 ameweka nusu sekunde, na folda itaanza kutoa makosa mtandao ukipunguza kasi kidogo tu.

CIFS ni kinyume, `soft` ndiyo ya kawaida. Inachochelewesha ni `echo_interval` (muda kati ya ujumbe wa kuuliza kama seva ipo), sekunde 60 usipoigusa. Ukiweka `echo_interval=10`, mashine inagundua mapema kwamba seva haipo.

dada_terminali

Kuhusu kupunguza muda, kuna mtego. Wengi wanabadilisha `DefaultTimeoutStopSec=10s` kwenye /etc/systemd/system.conf na bado wanangoja 90. Sababu ni kwamba yuniti ya mount (rekodi ambayo systemd huitumia kusimamia folda hiyo) ina `TimeoutSec` moja kwa kuwasha na kuzima, na hiyo hurithi `DefaultTimeoutStartSec`. Kwa folda moja tumia `x-systemd.mount-timeout=15`, kisha `systemctl daemon-reload`, na uthibitishe:

```
systemctl show mnt-hati.mount -p TimeoutUSec -p After -p Requires
```

Kama jina la folda lina kistari, jina la yuniti hubadilika. `systemd-escape -p --suffix=mount /mnt/hati-ofisi` itakupa jina sahihi.

Kupachua kwa nguvu hakuandikwi kwenye fstab. Ni `sudo systemctl edit mnt-hati.mount`:

```
[Mount]
ForceUnmount=yes
```

Hii ni `umount -f`, iliyokusudiwa hasa NFS ambayo seva yake haifikiki. `LazyUnmount=yes` naipa nafasi ya mwisho kabisa: inaficha folda papo hapo, mtandao unaondoka, na data iliyokuwa bado haijaandikwa inapotea kimya. Mashine inazima haraka, ndiyo, lakini kasi hiyo umeinunua kwa faili zako.

fundi_seva

Asanteni. Na kama Docker (mfumo wa kuendesha programu ndani ya kontena zilizotengwa) inatumia folda hiyo? Hapo automount haisaidii, kontena linaishikilia muda wote.

mtandao_kwanza

Sahihi. `sudo systemctl edit docker.service`, kisha:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/mnt/hati
```

Docker itasimama kwanza, folda itafuata, mtandao mwisho. Kontena lisilojibu huuawa baada ya sekunde 10, hivyo ucheleweshaji una kikomo. autofs (programu nyingine ya kupachika folda inapohitajika) sijaigusa kwa sababu kwa folda moja au mbili haiongezi kitu. Nguvu yake ni ofisi yenye folda nyingi zinazopangwa kwa ramani za pamoja, kama /home ya kila mtumishi.

nfs_ya_kazi

Na mashine iliyoganda sasa hivi mbele yako, usibonyeze swichi ya umeme kwanza. Bonyeza Ctrl+Alt+Del zaidi ya mara 7 ndani ya sekunde 2: systemd itaacha kungoja huduma, itaua michakato, itajaribu kupachua diski za ndani na kuwasha upya. Ikikataa, shika Alt+SysRq (mara nyingi ni kitufe cha PrtSc) ubonyeze S, kisha U, kisha B, ukipumzika sekunde chache kila herufi. Kwenye baadhi ya matoleo SysRq imefungwa nusu, kwa hiyo angalia `cat /proc/sys/kernel/sysrq` mapema. 1 maana yake yote yameruhusiwa, 0 hakuna kitu.