Tupeane uzoefu: mlichaguaje nyimbo za tamasha kwa bendi changa za shule, na mazoezi yalikwendaje?

Mwalimu wa Lanet

Wadau, hamjambo. Nafundisha muziki hapa Lanet, Nakuru, na nina bendi ya watoto 19, gredi ya 6 hadi ya 9. Ala tulizipata kwa awamu, nyingine zina umri kunishinda: tarumbeta 6, klarineti 4, saksofoni alto 2, tromboni 3, tuba moja, waliobaki ni ngoma.

Muhula uliopita niliaibika, wacha niseme tu. Kuna machi (wimbo wa gwaride) moja niliyoipenda tangu nikiwa chuo, nikaona siku ya wazazi ndiyo siku yake. Pati ya tarumbeta ya kwanza, yaani karatasi ya nota zake, ilikuwa inazunguka pale juu kwenye G iliyokalia mistari mitano, karibu ukurasa mzima. Mazoezini tulikuwa tunaila vipande vipande, mistari miwili leo, miwili kesho, na ikasikika vizuri tu. Siku yenyewe ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuipiga mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Kufika katikati, kiongozi wa tarumbeta, msichana wa gredi ya 7, midomo ikamwishia. Alishusha tarumbeta, akaipanguza kwa sketi, akaipandisha tena, ikatoka hewa. Wenzake kumwona amenyamaza, nao wakanyamaza. Tuba na ngoma wakaendelea peke yao mizani (vipimo vya mapigo) kama kumi na mbili, na wazazi wakawapigia makofi wakidhani ni zamu ya tuba.

Msichana hakuonekana mazoezini wiki mbili, na sikumlaumu.

Sasa nina daftari. Kila mtoto nimeandika nota yake ya juu kabisa, lakini ile anayoifikia dakika ya 35 ya kipindi cha dakika 40, akiwa amechoka. Ya asubuhi akiwa fresh inadanganya. Kwa tarumbeta zangu, wengi wanaishia D ya mstari wa nne. Wimbo ukipita hapo mara moja mbili, sawa. Ukikaa huko, narudisha kabatini.

Nyinyi mnachaguaje? Walioko Kisumu na magharibi, huko bendi ni mambo ya nyumbani, msitufiche.

Mtoto wa Jeshi

Mwalimu pole, sote tumepita hapo. Mimi nimelelewa na bendi ya Jeshi la Wokovu huku Vihiga, sasa nasaidia shule mbili za jirani. Faida ya bendi ya shaba ya namna ile ni kwamba koneti, yufoniamu (kama tuba ndogo) hadi besi zote zinasoma klefu ya G, ile alama ya mwanzo wa mistari ya nota, na vidole ni vilevile, tromboni ya besi tu ndiyo hujitenga. Kwa hiyo mtoto wa yufoniamu akihama shule, mwingine anatoka kwenye koneti anakalia kiti chake wiki hiyohiyo. Mwenye klarineti, saksofoni na tarumbeta pamoja hana bahati hiyo, na lazima achague wimbo akijua nani akikosa siku hiyo hakuna wa kumziba.

Nilichojifunza kwa taabu ni habari ya nyimbo za polepole. Nilikuwa nadhani tenzi ndiyo rahisi, nota ndefu, vidole havikimbii. Mpe mtoto wa miaka kumi nota ya mapigo manane uone. Pigo la tano sauti inaanza kushuka, la sita anainua mabega, la saba ameshavuta pumzi katikati ya neno. Wimbo wa kasi ya wastani wenye mapumziko mafupi mafupi ni mwepesi zaidi kwake. Tenzi nimeziacha za kupashia joto, mstari mmoja kwa siku, na wanaoketi jirani nawapangia wapumue mahali tofauti ili sauti isikatike.

Mvua nayo. Huku ikinyesha saa tisa alasiri juu ya mabati, hata tuba huisikii. Zamani nilikuwa naahirisha. Siku hizi mvua ikianza tunaweka ala mapajani, tunabonyeza vidole kimya huku mguu ukihesabu. Siamini ninavyosema hivi, lakini vipindi vya mvua ndivyo vilivyorekebisha vidole vya watoto wangu. Kukiwa na sauti, kila mmoja hujificha nyuma ya jirani yake.

Madam wa Kondele

Mimi nitaongea juu ya ufunguo, yaani ile nota wimbo unayojengwa juu yake, maana ndiko nilikoteswa.

Kwaya ya shule yetu hapa Kisumu ilikuwa na wimbo wake, mzuri mno, na mwalimu wa kwaya aliupiga kwa gitaa kwenye D. Mwalimu mkuu akaagiza bendi iusindikize. Nikaandika pati usiku, nikijisifu. Asubuhi nikazigawa. Ala hizi haziandikiwi nota ileile inayosikika: D ya gitaa kwa tarumbeta ni E, shapu (alama za kupandisha nota) nne. Kwa saksofoni alto ni B, shapu tano! Watoto waliojifunza skeli mbili tu. Mmoja wa alto aliangalia karatasi, akaniangalia mimi, akauliza, "Madam, hizi alama zote za reli ni za nini?"

Tulihangaika wiki tatu. Mwishowe nikamwomba mwalimu wa kwaya tuupandishe nusu sauti tu, uwe E flati. Tarumbeta wakaangukia F, flati (alama ya kushusha) moja. Alto wakaangukia C, karatasi nyeupe kabisa, hakuna kitu. Waimbaji hawakuhisi tofauti. Mwalimu wa kwaya akafunga kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye feti ya kwanza ya gitaa akaendelea na D yake kama kawaida. Siku mbili wimbo ukawa umekamilika.

Na kabla mtu hajaniuliza: ndiyo, mwaka wangu wa kwanza niliwahi kuwapa alto fotokopi ya pati ya tarumbeta. Tarumbeta akisoma C inatoka B flati, alto akisoma C hiyohiyo inatoka E flati. Tulipiga hivyo kipindi kizima nikidhani hawajatuni, yaani hawajalinganisha sauti za ala.

Jambo la pili, joto la hapa. Ala ikipata joto sauti inapanda. Tulituni darasani kivulini, tukatoka uwanjani saa nane, tukakaa juani nusu saa tukisubiri wageni. Ilipofika zamu yetu, shaba zilizokuwa zimelala juani zilikuwa juu na zile za wajanja waliozifunika kwa sweta zilikuwa palepale. Sasa kila mtoto anakuja na leso. Tunatuni mara ya pili palepale tutakapopigia, dakika chache kabla.

Mama Tromboni

Walimu hamjambo. Mimi ni mzazi tu, niko Nyalenda, nimesoma hapa nikacheka na kulia. Mwanangu alipewa tromboni akiwa na miaka 11, mfupi. C ya chini iko nafasi ya sita ya slaidi, mbali na mdomo, mkono wake uliishia ya tano. Alikuwa anaisogelea kwa kuinama mbele na kiti kinainuka nyuma. Siku moja alianguka nacho, slaidi ikapinda, na bili ikaja kwangu.

Lakini hilo halikuniuma kama wimbo waliopewa baadaye. Nilimsikia nyumbani akihesabu kwa sauti, "ishirini na tisa mbili tatu nne, thelathini mbili tatu nne..." Nikamuuliza unafanya nini. Akasema anafanya mazoezi ya kunyamaza. Mizani 31 za kukaa kimya, halafu nota tatu, halafu kimya tena. Mtoto anabeba mzigo ule kwa bodaboda kila siku kwa ajili ya nota tatu! Muhula ulipoisha aliacha, sasa anacheza voliboli. Mkichagua nyimbo, walimu wangu, angalieni na wa nyuma.

Mwalimu wa Lanet

Mama, hilo limenichoma. Nimefungua pati za tromboni za wimbo nilioupanga sasa hivi, hali ni ileile. Nitawaandikia wapige pamoja na tuba, oktavu moja juu, kule ambako wameachwa. Ile C ya chini mtoto asiyeifikia nitamhamishia F, iko nafasi ya kwanza, na inakaa vizuri kwenye kodi zenye C na F zote mbili.

Kijana wa Shinyalu

Salamu kutoka Kakamega. Sisi tulichoka kutafuta nyimbo za kununua zenye pati za obo na fagoti ambazo hakuna shule huku inazo. Nikasema tupige isukuti, ngoma ya kwetu.

Mwalimu mkuu alikataa mwanzoni. Kwake hizo ni ngoma za matanga. Nikamwambia ni za matanga, ni za harusi, ni za mtoto kuzaliwa, na UNESCO waliiandikisha mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Neno UNESCO lilifanya kazi ambayo mimi sikuiweza.

Sasa sikilizeni nilipokosea. Niliiandika kwenye karatasi kwanza. Kwa 12/8, yaani nota fupi kumi na mbili kila mzani, pamoja na ile mipigo inayokwenda kinyume, ukurasa ulionekana kama kichuguu. Watoto waliokuwa wanaicheza mabega kila Jumamosi wakaikodolea macho, wakapiga kama wanasoma barua ya benki. Nikakusanya karatasi zote. Tukasimama nje chini ya mwembe, tukaimba, tukapiga makofi, wale wa ngoma kubwa, ya kati na ndogo wakaingia, halafu tarumbeta wakatafuta mwito kwa masikio. Tromboni nikawapa kazi ya pembe la swara, nota moja tu kwa wakati wake, lakini wanaipuliza kwa majivuno huwezi amini. Siku ya tano nikarudisha karatasi. Mmoja akasema, "Kumbe ndiyo hii?"

Kwa hiyo ile gredi ya ugumu inayoandikwa juu ya nota, mimi naisoma lakini siiamini sana. Wimbo ambao kwenye vitabu ungeitwa mgumu, hapa kijijini ni wa watoto wa nasari. Na machi nyepesi ya vitabu inawachukua mwezi kwa sababu hawajawahi kuisikia popote.

Tatizo lililobaki: ngoma zinameza klarineti. Ngoma nimeziweka nyuma kabisa, bado.

Mtoto wa Jeshi

Kijana, weka klarineti mbele, wote wapige pati moja badala ya tatu. Nne zikiungana zinasikika. Nne zikigawanywa hakuna hata moja.

Hapo kwenye kusikia kwanza naongeza jambo. Wimbo wa taifa kila bendi ya shule hupiga, na kila bendi changa huupiga kwa kupasua mapafu. Niliwaambia wangu kwamba sauti ile ilitoka kwa bembelezo la Wapokomo, wimbo wa kumlaza mtoto, kabla ya kuandaliwa kuwa wimbo wa taifa mwaka 1963. Nikawaambia pigeni kama kuna mtoto amelala hapo mezani. Tuning ambayo nilikuwa naisaka tangu Januari ilikaa yenyewe.

Fundi wa Vali

Naona mmeongea ya nyimbo, mimi la kwangu ni fupi. Wiki ya tamasha naletewa tarumbeta vali zimekwama. Ukifungua unakuta mafuta ya kupikia. Yanateleza siku ya kwanza, siku ya nne ni gundi. Tumieni mafuta ya vali, matone machache, na watoto wasipulize wakiwa na mandazi mdomoni.

Mwalimu wa Lanet

Asanteni sana wote. Nimeamua: muhula huu tunaenda na nyimbo tatu. Moja wanaweza kuipiga leo nikiwaamsha usingizini, moja ya kuwatoa jasho kidogo, na ya tatu tutaiokota kwa masikio kama Kijana alivyofanya, hata kama hapa Nakuru kila mtoto ana wimbo wa kwao na uchaguzi wenyewe utaleta bunge. Na kuanzia wiki ya tatu kila Ijumaa tunapiga mwanzo hadi mwisho, hakuna kusimama hata paa likianguka.

Yule msichana amerudi. Aliomba mwenyewe akae tarumbeta ya pili. Jana baada ya mazoezi alibaki akiniuliza ile machi niliiweka wapi. Nimemwambia iko kabatini, gredi ya 9 tutaongea.

Fundi wa Vali

Kabati hilo angalia panya, mwalimu.