MBA peke yake, au MBA na uhandisi kwa mpigo?

Mitambo_Moshi:
Habari za leo wakuu. Nina digrii ya uhandisi mitambo na miaka mitatu kwenye matengenezo ya boila na pampu kiwandani. Lengo ni kusimamia uzalishaji. Nisome MBA (uzamili wa usimamizi wa biashara) hapa nyumbani, au niombe zile programu za Marekani zinazotoa MBA na uzamili wa uhandisi kwa pamoja?

Tengeru_Juu:
Mkuu, anza na kazi unayoitaka, cheti kifuate.

Chuo cha MIT wana LGO, programu ya MBA na uhandisi iliyoanza 1988 kwa jina la Leaders for Manufacturing. Ni miaka miwili, shahada mbili, na ndani yake kuna miezi sita ya kazi kwenye kampuni mshirika. Tasnifu inatokana na kazi hiyo. Hapo ndipo watu hawaangalii. Mwanafunzi wa MBA ya kawaida ana fildi ya kiangazi ya wiki kumi hivi, na benki na kampuni za ushauri huajiri sana kupitia fildi hiyo. Miezi sita kiwandani inaila nafasi yake. Anayewaza benki asijitese na shahada mbili. Kwako wewe, miezi hiyo ndiyo sababu ya kwenda.

Angalia pia uhandisi wenyewe ni upi. MMM, programu ya Chuo Kikuu cha Northwestern, inaunganisha MBA na ubunifu wa bidhaa. Haitakurudisha kwenye boila. MS/MBA ya Harvard inataka digrii ya uhandisi au fani ya karibu, na angalau miaka miwili kazini.

Dada_Njiro:
Naongezea upande wa maombi, kaka. Matokeo ya GMAT au GRE, mitihani ya kuombea uzamili, yanadumu miaka mitano, ya TOEFL na IELTS, mitihani ya Kiingereza, miaka miwili tu. Kwa hiyo fanya GRE kwanza, Kiingereza baadaye. Ukigeuza, kitakwisha muda kabla hujatuma maombi.

Kuna vyuo ambako kila idara inaamua peke yake. Uhandisi wakikukataa, unabaki na MBA tupu hata kama shule ya biashara imekukubali. Kinachoangusha wengi ni insha: imeandikwa vizuri, lakini ukifuta neno uhandisi bado inasimama. Taja tatizo la kiwandani linalohitaji hesabu za mitambo na za fedha pamoja, mfano kubadili boila nzima au kuendelea kuziba mirija.

Na viza: mwenye F-1, viza ya mwanafunzi Marekani, anaruhusiwa miezi 12 ya kazi baada ya kuhitimu, na fani za STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) zinaongezewa 24. Uzamili wa uhandisi uko humo. MBA nyingine zimo, nyingine hazimo. Uliza kabla ya kulipa ada ya maombi.

Tengeru_Juu:
Kweli kabisa. Mkuu, kabla hujaondoka malizana na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Usajili unasimama juu ya digrii ya kwanza na uzoefu unaosimamiwa. MBA haihesabiki humo. Ukirudi, shahada ya nje ipeleke TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) itambuliwe.

Kama kiwanda chako kiko tayari kukupandisha cheo, basi MBA ya ESAMI, chuo cha usimamizi kilichopo Arusha, au ya Chuo cha Uhasibu Arusha inatosha, na mshahara hausimami. Ila pata ahadi hiyo kwa maandishi.

Mitambo_Moshi:
Asanteni sana. Jumatatu naanza na meneja, nione kama ataiandika.