Tumechangishwa mamilioni watoto wakamwone mjusi wetu Berlin, wakapelekwa Jumatatu makumbusho yamefungwa

Wakuu, habari za jioni. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa karo, hili ni jambo jingine kabisa. Nitaandika kirefu, asiye na muda apite kimya kimya.

Nina binti kidato cha tatu, shule binafsi hapa Dar. Jina la shule silitaji kwa sababu mtoto bado yuko pale na mimi mwenyewe bado wananidai. Oktoba mwaka jana tuliitwa kikao cha wazazi, tukawekewa soda na sambusa, akasimama bwana mmoja wa suti ya bluu, wakala wa safari, akaanza kutuonyesha picha ukutani. Picha ya kwanza haikuwa mnara wala kanisa. Ilikuwa mifupa ya dinosaria, yule tunayemwita mjusi wa Tendaguru. Akasema, "Wazazi, watoto wenu wataenda Berlin kusimama chini ya Mtanzania mrefu kuliko wote." Ukumbi mzima makofi. Na mimi nilipiga kuwazidi, maana kwetu ni Lindi.

Kwa vijana waliolala darasani siku hiyo: kati ya 1909 na 1913 Wajerumani wa makumbusho ya Berlin walichimba kilima cha Tendaguru, kule ndani ya Lindi. Nikisema walichimba naweka adabu tu. Waliochimba ni wazee wetu, mamia kwa mamia, na msimamizi aliyejua kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ikafungwa, ikabebwa kichwani na mabegani mwendo wa siku nne mpaka bandarini Lindi. Zaidi ya tani 200. Na hapo Maji Maji ilikuwa ndiyo kwanza imezimwa 1907, Kusini nzima imekufa kwa njaa, aliyebakiza shingo akapewa mfupa abebe. Leo mjusi amesimama ukumbini kwao, kimo mita 13 na sentimita 27, hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa popote duniani inayofikia kimo hicho. Suala la kurudishwa kwake limeshasemwa bungeni kwetu mara ngapi sijui, lakini yuko kule kule.

Binti yangu alilichukulia jambo hili kama mtihani wa taifa. Siku moja narudi kazini namkuta uani na kamba ya kuanikia nguo na futi ya fundi. Tukapima wote wawili. Tukaanzia getini, kamba ikapita mlango wa jikoni, ikapita tangi la maji, ikaishia ukutani kwa jirani. Akaitazama kamba iliyolala chini, kisha akatazama juu. "Baba, sasa hii isimamishe." Mama yangu, yuko Lindi, macho hayaoni vizuri, alipopigiwa simu akampa ujumbe: "Msalimie, mwambie kwao tunamsubiri." Mtoto akauandika kwenye daftari.

Gharama: shilingi 9,400,000 kwa mtoto, kwa awamu tatu. Kabla hamjaanza kuniambia nina hela za kuchezea: awamu ya kwanza ni korosho za msimu uliopita, ya pili mkopo wa SACCOS, ya tatu mke wangu alitoa fedha yake ya kikoba yote. Kwenye karatasi imeandikwa "siku saba Berlin". Waliondoka Jumamosi usiku wakarudi Ijumaa mchana. Hesabuni wenyewe siku ngapi mle zilikuwa za viwanja vya ndege.

Sasa sikilizeni.

Wamefika Jumapili jioni. Ujerumani Jumapili maduka yamefungwa, hata mtoto anayesoma habari zao mtandaoni anajua. Wakala hakujua. Watoto 22 wakalala na biskuti za kwenye ndege.

Jumatatu asubuhi, siku ya mjusi. Wakapanda treni ya chini ya ardhi, mstari wa U6, wakashuka stesheni ambayo jina lake lenyewe ni Naturkundemuseum, wakatembea mpaka mlangoni. Mlango umefungwa. Kumbe makumbusho yale hufungwa kila Jumatatu. Siyo mgomo, siyo dharura, siyo msiba. KILA JUMATATU. Iko kwenye tovuti yao, iko kwenye ramani ya simu, pale mlangoni napo pameandikwa. Bwana suti ya bluu ana miezi minane ya kupanga safari na hajafungua simu yake mara moja kuangalia!

Binti alipiga picha moja tu. Ninayo hapa, siiweki kwa sababu sura yake inaonekana kwenye kioo cha mlango. Kashika lile daftari.

"Msijali, tutarudi Alhamisi," wakala akawaambia. Kuziba siku, akawapeleka kwenye kitu alichokitoza kando, kimeandikwa "ziara ya jiji kwa basi la ghorofa, shilingi 350,000". Wakuu, hilo basi ni namba 100. Ni daladala! Linatoka Alexanderplatz mpaka Zoo, kweli linapita kwenye majengo makubwa, kweli lina ghorofa, lakini unalipa nauli ya kawaida kama mtu anayekwenda sokoni. Binti anasema alianza kushtuka alipokaa na bibi mmoja aliyepakata mfuko wa viazi. Akajiuliza, huyu mtalii viazi vya nini?

Na hata hiyo nauli ya kawaida hawakuilipa sawasawa. Kule tiketi ukishanunua unaigonga muhuri kwenye kijimashine kabla hujaanza safari, la sivyo ni kama huna. Hakuna aliyewaambia watoto. Jioni wakirudi hosteli kwa treni, wakaguzi wakaingia, wamevaa nguo za kawaida tu, wakamkuta kijana mmoja tiketi yake safi haina muhuri. Faini euro 60, karibu laki na themanini. Wakala yuko behewa jingine anaongea na simu. Mtoto wa watu akatoa kwenye hela aliyopewa na bibi yake ya kununulia zawadi.

Jumanne. Kuba la kioo juu ya bunge lao, Reichstag. Kuingia ni bure, ila mnajiandikisha mapema mtandaoni, majina na tarehe za kuzaliwa. Wakala hakuandikisha mtu. Wakaliangalia kwa nje kama wanavyoliangalia kwenye kalenda. Kilichofuata kwenye ratiba ni Makumbusho ya Pergamon, na kipeperushi kimewekwa mpaka picha ya lango la Babeli. Makumbusho hayo yamefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2023! Kikao chetu cha sambusa kilifanyika yakiwa yameshafungwa. Yaani jamaa kanakili ratiba ya mtu wa zamani, kabadilisha bei.

Kuna moja limeniuma kuliko fedha. Pale karibu na Lango la Brandenburg kuna uwanja wa nguzo za zege 2,711, ni kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa Ulaya enzi za Wanazi. Watoto wetu walishushwa pale bila neno moja, wakaambiwa "pigeni picha dakika kumi". Wakafanya watoto wanachofanya. Wakaruka nguzo hadi nguzo, wakacheka, mmoja akalala juu akapigwa picha miguu hewani. Akaja mzee mmoja, anatetemeka, akawasemesha kwa Kijerumani hawamwelewi, kisha akawaambia kwa Kiingereza mahali walipo ni wapi. Binti anasema walishuka mmoja mmoja, hakuna aliyeongea mpaka hosteli. Usiku akasoma mwenyewe kwenye simu, akalia. Hivi kweli unawapeleka watoto wa watu makaburini bila kuwaambia ni makaburini? Mwongozaji alikuwepo, tulimlipia. Kumbe ni kijana aliyeokotwa stesheni kwa sababu anajua Kiswahili kidogo.

Kutoka hapo wakatembea barabara ya Wilhelmstrasse kwenda Checkpoint Charlie kukiona kile kibanda, ambacho nacho ni cha kuigiza, siyo kile cha enzi za ukuta. Wilhelmstrasse ndiyo barabara aliyokaa Bismarck na wenzake kuanzia Novemba 1884 mpaka Februari 1885, Mkutano wa Berlin ule ule tunaowakaririsha watoto. Jengo halipo tena lakini pana bango la kumbukumbu. Watoto wa kidato cha tatu, mada hiyo wanayo kwenye silabasi, wamepita hapo wakila aiskrimu na hakuna mtu mzima aliyefungua mdomo.

Jumatano ilikuwa "siku ya utamaduni". Utamaduni wenyewe ni jengo la maduka, kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 11 jioni, msitoke nje, mkutane hapa penye ngazi za umeme. Wakala akapotea. Akarudi na katoni mbili zimefungwa kwa gundi ya kahawia, vijana wawili wakabebeshwa. Ndani kuna nini sijui, nina mawazo yangu. Spea.

Chakula hata nisikiongelee. Tuliahidiwa halali mara tatu kwa siku. Asubuhi mkate na vipande vya nguruwe, jioni tambi. Watoto wa Kiislamu siku nne wanakula mkate na jemu, wakati Berlin imejaa Waturuki na kebab zao, ng'ambo ya barabara kutoka hosteli harufu inawafuata dirishani.

Alhamisi, ile ya "tutarudi". Ndege ni jioni. Saa 3 asubuhi watoto wako tayari, binti na daftari lake. Wakala anasema fedha ya viingilio imetumika kwenye dharura na basi la uwanja wa ndege limeshawekwa saa 7. Mwalimu wa jiografia, Mungu ambariki yule mama, akasema kila mtoto achangie euro chache, yeye atawapeleka na kuwarudisha kwa wakati. Akaambiwa yeye ni msindikizaji, siyo mratibu. Watoto wakakaa kwenye mabegi ukumbini saa nne nzima. Makumbusho yako wazi. Mjusi yuko pale pale.

Tena ule mstari wa U6, ukipanda hapo Naturkundemuseum ukaenda kaskazini stesheni saba, unashuka Afrikanische Straße. Huko kuna mitaa imeitwa Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Na kuna iliyokuwa Petersallee, ile iliyopewa awali jina la mkoloni Carl Peters, yule wazee walimwita Mkono wa Damu. Agosti 2024 jina likang'olewa, kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Haya yote kwa nauli ya treni! Rais wao alikuja Songea Novemba 2023 akaomba radhi mbele ya wajukuu wa mashujaa wa Maji Maji, tukaona kwenye taarifa ya habari, halafu sisi tunapeleka watoto wetu huko wanaangalia ngazi za umeme.

Nikaanza kukagua risiti. Kuna mstari "ada ya viza ubalozini, euro 90". Kanuni za viza za Schengen zinawasamehe ada hiyo wanafunzi na walimu wao wanaosafiri kimasomo. Barua ya shule inasema safari ni ya kimasomo, nakala ninayo. Kwa hiyo ama alilipa asichotakiwa kulipa, ama hakulipa. Nimeomba risiti ya ubalozi, naambiwa mhasibu yuko likizo. Kuna "viingilio vya makumbusho 400,000". Makumbusho gani? Waliingia choo cha kulipia tu.

Mkuu wa shule nilimfuata. Akaniita "mzazi" mara kumi na nne, nilihesabu. Akasema shule ni daraja tu kati ya wazazi na wakala. Nikamuuliza, hilo daraja lilipokea asilimia ngapi? Akaangalia saa. Kwenye grupu la WhatsApp la wazazi nikauliza hayo hayo, nikaondolewa na admini, ambaye ni mwalimu wa nidhamu.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Kwa aliyesema "mtoto kafika Ulaya shukuru Mungu", ndugu yangu, sikulipia mtoto apande ndege. Kwa aliyeshauri Tume ya Ushindani, ahsante, mwenye uzoefu anielekeze nianzie dirisha gani na kama wazazi tunaweza kwenda kwa pamoja, tumeshafika tisa. Kwa aliyenitumia PM anasema anamjua jamaa wa suti ya bluu na kwamba sasa hivi anauza safari ya Istanbul kwenye shule nyingine ya Mbezi, naomba wazazi wa huko muulize swali moja tu: siku gani yamefungwa?

Mama alipiga simu jana. Kitu cha kwanza, "Alimsalimia?" Binti akaniangalia. Nikachukua simu nikasema mtandao unakata.

Kikao na bodi ya shule ni Jumamosi saa 3 asubuhi. Nikitoka nitaleta mrejesho.